Mwanafunzi mgeni na haki ya kusema: kutoka Mlimani 1971 hadi Boston 2025

Jioni ya tarehe 25 Machi mwaka 2025, ndani ya mwezi wa Ramadhani, mwanafunzi mmoja kutoka Uturuki alitoka nyumbani kwake Somerville, mji uliopakana na Boston nchini Marekani, akielekea kufuturu na rafiki zake. Hakufika. Maafisa wa serikali waliovaa nguo za kiraia, baadhi yao wakiwa wamefunika nyuso, walimzingira barabarani, wakamnyang'anya simu, wakamtia pingu na kuondoka naye. Kamera ya ulinzi ya nyumba ya jirani ilinasa tukio hilo, na baada ya muda mfupi picha zake zilikuwa zimeenea duniani kote.

Mwanafunzi huyo, Rümeysa Öztürk, alikuwa akisomea shahada ya uzamivu kuhusu makuzi ya watoto katika Chuo Kikuu cha Tufts. Hakuwa ameshtakiwa kwa kosa lolote la jinai. Kilichokuja kujulikana baadaye kuwa chanzo cha masaibu yake ni makala moja aliyoiandika pamoja na wenzake watatu katika gazeti la wanafunzi, The Tufts Daily, mwezi Machi mwaka 2024. Katika makala hiyo waliutaka uongozi wa chuo uyatambue maazimio ya baraza la wanafunzi kuhusu vita vya Gaza, likiwemo la kuondoa fedha za chuo katika makampuni yenye uhusiano na Israel. Viza yake ilifutwa bila yeye kuarifiwa, akasafirishwa hadi kizuizini katika jimbo la Louisiana, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000 kutoka chuoni kwake, na akakaa huko zaidi ya wiki sita kabla ya jaji wa mahakama ya shirikisho kuamuru aachiliwe tarehe 9 Mei.

Mengi yamesemwa kuhusu kisa hiki na vingine vilivyofanana nacho. Lakini kwa wasomaji wetu, ambao wengi wao ama ni wanafunzi ughaibuni ama ni wazazi waliouza shamba ili mtoto asome ng'ambo, kuna swali moja ambalo ni muhimu kuliko mengine. Uhuru wa kutoa maoni katika chuo kikuu ni wa nani? Ni wa kila aliyesajiliwa kusoma pale, au ni wa wenyeji peke yao?

Makala haya yanaangalia historia ya swali hilo, ambayo haikuanzia Boston. Sehemu moja ya historia hiyo ipo nyumbani kwetu, Mlimani, Dar es Salaam.

Mwaka 1968: Kingston na Paris

Mwezi Oktoba mwaka 1968, mhadhiri kijana wa historia katika Chuo Kikuu cha West Indies, Walter Rodney, alirejea Jamaica kutoka kwenye mkutano wa waandishi weusi mjini Montreal, Canada. Serikali ya Jamaica ilimzuia kuteremka kwenye ndege. Rodney alikuwa raia wa Guyana, na kosa lake lilikuwa kwamba alitoka darasani na kwenda kuzungumza na watu maskini wa Kingston kuhusu historia ya Afrika na hali ya mtu mweusi. Siku iliyofuata, tarehe 16 Oktoba, wanafunzi wake waliandamana, wananchi wakajiunga nao, na jiji likaingia katika ghasia ambazo mpaka leo zinaitwa kwa jina lake.

Miezi mitano kabla ya hapo, Ufaransa nayo ilikuwa imefanya kama hivyo. Mmoja wa viongozi waliojulikana zaidi katika vuguvugu la wanafunzi la Mei 1968 alikuwa Daniel Cohn-Bendit, mwanafunzi wa chuo cha Nanterre. Alizaliwa Ufaransa, lakini pasipoti yake ilikuwa ya Ujerumani. Alipotoka nje ya nchi kwa ziara fupi, serikali ilimpiga marufuku kurudi. Wanafunzi wa Paris walijibu kwa kuandamana wakitangaza kwamba wao sote ni Wayahudi wa Kijerumani, wakimaanisha kuwa kama mwenzao anafukuzwa kwa asili yake, basi wafukuzwe wote. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1978, miaka kumi baadaye.

Katika visa vyote viwili, serikali haikuhitaji kujibu hoja wala kuthibitisha kosa mahakamani. Ilitosha kuangalia pasipoti. Kwa mwenyeji ingebidi kumkamata, kumfungulia mashtaka, kumpa wakili na kungoja hukumu. Kwa mgeni ni muhuri tu.

Mlimani na barua ya Akivaga

Baada ya kufungiwa mlango Jamaica, Rodney alikwenda Tanzania, ambako alikuwa amewahi kufundisha, na kuanzia mwaka 1969 hadi 1974 alikuwa mwalimu katika chuo cha Dar es Salaam. Hapo ndipo alipokiandika kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichochapishwa mwaka 1972. Wakati huo Mlimani palikuwa kimbilio la wasomi na wanaharakati kutoka pande zote. Wanafunzi wa Uganda, Kenya, Malawi, Ethiopia na Sudan walikaa meza moja na Watanzania wakijadili ukombozi wa Msumbiji, Angola na Afrika Kusini. Umoja wao wa kimapinduzi, uliojulikana kwa kifupi kama USARF, ulianzishwa mwaka 1967 na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni.

Hata hivyo, ukarimu huo ulikuwa na mpaka. Umoja huo ulikuwa na gazeti lake, Cheche, lililoanza mwaka 1969, na ambalo mwaka 1970 lilichapisha uchambuzi mrefu wa Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ndani ya Tanzania yenyewe. Mwezi Novemba mwaka huo huo, USARF na gazeti lake vilipigwa marufuku. Sababu zilizotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha kuwa sauti ya vijana chuoni, na kwamba jina la Cheche, ambalo ni tafsiri ya jina la gazeti la Lenin, lilionyesha kuwa Tanzania inaazima itikadi ya nje. Kuwasema wakoloni na makaburu kulikuwa kunaruhusiwa, tena kunapongezwa. Kuisema serikali iliyokupa nafasi ya kuwasema wengine lilikuwa jambo jingine.

Mwaka uliofuata, TANU ilitoa Mwongozo wake maarufu, ambao pamoja na mambo mengine uliwakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa wale wanaowaongoza. Wanafunzi wa Mlimani waliuchukua Mwongozo kwa uzito wake. Mwezi Julai mwaka 1971, rais wa chama cha wanafunzi DUSO, Symonds Akivaga, aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akiulaumu uongozi kwa ubabe na kwa kuamua mambo bila kuwashirikisha wanafunzi.

Jibu la barua hiyo halikuwa barua. Lilikuwa askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia, FFU, wakiwa na silaha. Akivaga alikamatwa mbele ya wenzake, akasimamishwa masomo na kusafirishwa kwao Kenya. Maana Akivaga alikuwa Mkenya.

Wanafunzi waligoma kuingia madarasani wakidai mwenzao arudishwe, na wengi wa waliogoma walikuwa Watanzania waliomchagua Mkenya huyo kuwa kiongozi wao bila kujali alikotoka. Kwao, mtu aliyekuwa ametoa hoja kwa niaba yao hakuwa mgeni. Kwa dola alikuwa mgeni, na hilo ndilo lililorahisisha kazi.

Ni kweli pia kwamba raia hawakusalimika. Tarehe 22 Oktoba mwaka 1966 wanafunzi wa Tanzania waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Julius Nyerere akawafukuza karibu 400 siku hiyo hiyo. Lakini hao walirudishwa vijijini kwao, na wengi wao wakaruhusiwa kurudi chuoni mwaka uliofuata. Ukimfukuza raia, bado unaye. Atakaa kijijini, atasema, atarudi. Ukimvusha mgeni mpaka, unakuwa umeliondoa swali pamoja na aliyeliuliza.

Kutoka Berkeley hadi Columbia

Marekani ina historia yake ndefu ya mapambano ya vyuoni, na inafaa kuikumbuka ili kuona ni kipi kilichobadilika.

Mwezi Septemba mwaka 1964, Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kiliwakataza wanafunzi kuweka meza za siasa kwenye lango la chuo. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa wakikusanya michango kwa ajili ya harakati za haki za Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini, na baadhi yao, akiwemo Mario Savio, walikuwa ndio kwanza wamerejea kutoka Mississippi kuwasaidia watu weusi kujiandikisha kupiga kura. Tarehe 1 Oktoba polisi walipomkamata mmoja wao, Jack Weinberg, wanafunzi waliketi kulizunguka gari la polisi kwa muda wa saa 32. Mwezi Desemba waliingia na kukaa ndani ya jengo la utawala, na karibu 800 wakakamatwa. Siku chache baadaye, tarehe 8 Desemba, walimu wa chuo hicho walipiga kura 824 dhidi ya 115 kuunga mkono msimamo kwamba chuo kisizuie yaliyomo katika maoni ya wanafunzi.

Miaka minne baadaye ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwezi Aprili 1968 wanafunzi waliokuwa wakipinga vita vya Vietnam, pamoja na mpango wa chuo kujenga jumba la michezo kwenye bustani ya watu wa Harlem, waliteka majengo kadhaa. Polisi waliwakamata zaidi ya 700. Mwaka 1985 wanafunzi wa chuo hicho hicho walilifunga jengo la Hamilton kwa wiki tatu na kulipa jina la Mandela, wakitaka fedha za chuo ziondolewe katika makampuni yanayofanya biashara na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini. Walilaumiwa sana wakati ule, lakini kabla ya mwaka kumalizika chuo kilikubali kuziondoa. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha California nacho kiliamua hivyo hivyo kuhusu fedha zake zilizofikia dola bilioni 3.1.

Kwa hiyo wanafunzi walipopiga mahema kwenye viwanja vya Columbia tarehe 17 Aprili 2024 kupinga vita vya Gaza, walikuwa wakifuata njia iliyokwisha kanyagwa. Jengo la Hamilton lilitekwa tena, na safari hii likapewa jina la Hind Rajab, mtoto wa Kipalestina aliyeuawa Gaza. Polisi waliitwa tena. Katika majira yale ya machipuko, zaidi ya watu 3,000 walikamatwa katika vyuo mbalimbali vya Marekani.

Kilichobadilika ni sura ya darasa lenyewe. Viongozi wa Berkeley wa mwaka 1964 walikuwa kwa sehemu kubwa Wamarekani. Walikamatwa, wakatozwa faini, baadhi yao wakafungwa kwa miezi kadhaa, kisha wakarudi kuishi katika nchi yao. Katika mwaka wa masomo 2023/24, vyuo vya Marekani vilikuwa na wanafunzi wa kigeni zaidi ya milioni 1.1. Hao hulipa ada, mara nyingi kubwa kuliko ya wenyeji, hufundisha madarasa ya mwaka wa kwanza na hufanya kazi za maabara. Wapo pia katika harakati, kama walivyokuwepo Waganda na Wakenya Mlimani. Na adhabu yao, ikija, haiishii katika faini.

Viza inapogeuzwa fimbo

Tarehe 8 Machi 2025, maafisa wa uhamiaji walimkamata Mahmoud Khalil katika jengo la makazi la Columbia. Khalil, Mpalestina aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi nchini Syria, alikuwa amemaliza masomo yake na alikuwa na kibali cha ukaazi wa kudumu. Mwaka 2024 ndiye aliyekuwa akizungumza na uongozi wa chuo kwa niaba ya wanafunzi wa mahema. Alikaa kizuizini Louisiana siku 104. Mkewe, raia wa Marekani, alijifungua mtoto wao wa kwanza yeye akiwa ndani. Mahakama iliamuru aachiliwe mwezi Juni, na kesi yake ikaendelea katika ngazi za rufaa.

Mwezi huo huo wa Machi, Momodou Taal, raia wa Uingereza na Gambia aliyekuwa akisomea uzamivu wa masomo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Cornell, alifutiwa viza. Alikuwa amekwenda mahakamani kuishtaki serikali, lakini tarehe 31 Machi akatangaza kwamba ameondoka nchini humo, akisema hakuwa tena na imani kwamba amri ya mahakama ingemlinda.

Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, alieleza mwezi huo kwamba huenda serikali ilikuwa imefuta viza zaidi ya 300. Majuma machache baadaye, wanafunzi wa kigeni kwa maelfu waligundua kwamba rekodi zao katika mfumo wa serikali zimefungwa, wengine kwa makosa madogo ya barabarani ya miaka ya nyuma. Baada ya kesi nyingi kufunguliwa, serikali ilitangaza tarehe 25 Aprili kwamba inazirejesha. Na tangu mwezi Juni 2025, waombaji wa viza za masomo walitakiwa kuziacha wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii ili maafisa wa ubalozi wazisome.

Kijana wa Mombasa, Tabora au Bujumbura anayeomba nafasi ya masomo hana budi kujiuliza kuhusu kila alichowahi kuandika akiwa na miaka 17.

Madhara yake hayakuishia kwa waliokamatwa. Mwezi Agosti 2025, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, The Stanford Daily, liliishtaki serikali. Lilieleza kwamba waandishi wake wa kigeni walikuwa wakikataa kuandika habari zinazohusu Gaza, na wengine wakiomba majina yao yaondolewe katika makala za zamani. Hapo ndipo mwenyeji naye anapopoteza. Mmarekani aliyebaki katika chumba cha habari hajakatazwa kusema lolote, lakini hana tena wa kubishana naye.

Sheria inasema nini

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yanayolinda uhuru wa kusema, hayataji raia. Yanaizuia serikali, bila kutaja anayesema ni nani. Mwaka 1945 Mahakama ya Juu ilimwokoa Harry Bridges, kiongozi wa wafanyakazi wa bandarini aliyezaliwa Australia, asifukuzwe nchini, na ikasema kwamba mgeni anayeishi humo naye analindwa na uhuru huo. Lakini mwaka 1952, wakati hofu ya ukomunisti ilipokuwa imepamba moto, mahakama hiyo hiyo iliruhusu wageni wafukuzwe kwa kuwa waliwahi kuwa wanachama wa chama cha kikomunisti. Mwaka huo huo wa 1952 Bunge lilipitisha sheria ya uhamiaji ambayo, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, inampa Waziri wa Mambo ya Nje uwezo wa kutaka mgeni aondolewe kwa sababu za sera za kigeni. Kifungu cha namna hiyo ndicho kilichotumiwa dhidi ya Khalil.

Kwa hiyo mgeni amesimama katikati ya kamba mbili. Moja inamwambia ana haki, nyingine inamwambia haki hiyo ina mwenyewe.

Tarehe 30 Septemba 2025, Jaji William Young wa mahakama ya shirikisho ya Massachusetts, aliyeteuliwa enzi za Rais Ronald Reagan, alitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na vyama vya wahadhiri. Alisema kwamba mgeni aliyeko Marekani kihalali ana haki ile ile ya kusema aliyo nayo raia, na kwamba maafisa walikuwa wameitumia sheria ya uhamiaji ili kuwatisha watu wanyamaze. Serikali haikukubaliana naye. Lakini hukumu hiyo iliweka wazi jambo ambalo wanafunzi wa Mlimani walilidai mwaka 1971 bila kuwa na mahakama ya kuwasikiliza.

Hoja ya upande wa pili

Itakuwa si haki kuliandika suala hili kana kwamba upande mmoja hauna la kusema.

Wanaounga mkono hatua za serikali wanasema viza ni ruhusa, si haki, na kwamba nchi yoyote inayo mamlaka ya kuamua nani aingie na nani atoke. Wanasema mgeni aliyekuja kusoma asome. Wanaongeza kwamba katika maandamano ya 2023 na 2024 baadhi ya wanafunzi wa Kiyahudi walitukanwa, walizuiliwa njia na kuogopa kwenda madarasani, na kwamba vyuo vilichelewa kuwalinda. Malalamiko hayo yalifika Bungeni tarehe 5 Desemba 2023, ambako wakuu wa vyuo vitatu maarufu walihojiwa, na wawili kati yao, wa Pennsylvania na wa Harvard, wakajiuzulu muda mfupi baadaye.

Malalamiko ya wanafunzi hao hayafai kupuuzwa. Mwanafunzi anayetishwa kwa dini yake au asili yake anastahili kulindwa, na anayemtisha aadhibiwe kwa kanuni za chuo na sheria za nchi, awe raia au mgeni. Lakini hapo ndipo penye tofauti. Kumpiga mtu, kumfungia mlango au kumtishia ni kitendo, na kitendo kina ushahidi. Kuandika makala gazetini ni hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja. Kama kweli mtu ametenda kosa, mahakama zipo. Pale serikali inapoiacha njia ya mahakama na kuchukua ya uhamiaji, tuna haki ya kushuku kwamba kosa lenyewe halipo.

Ama kuhusu mgeni kutulia, sisi Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba akishakaa, si mgeni tena, ni mmoja wa wanaolima. Huwezi kumkabidhi jembe la utafiti, la kufundisha na la kulipa ada, kisha ukamwambia shamba halimhusu.

Vyuo vilisimama wapi?

Yaliyotokea mwaka 2025 yalionyesha pia kwamba chuo si mtazamaji tu. Rais wa Tufts, Sunil Kumar, aliwasilisha mahakamani tamko la kumtetea Öztürk, akieleza kwamba mwanafunzi huyo alikuwa mwenye mwenendo mzuri na kwamba makala yake haikuvunja kanuni yoyote ya chuo. Ni kurasa chache tu, lakini ziliingia katika kumbukumbu za kesi.

Columbia ilichagua njia nyingine. Baada ya serikali kuikatia fedha za utafiti za dola milioni 400 mwezi Machi, ilikubali madai kadhaa, na mwezi Julai ikafikia mapatano ya kulipa dola milioni 200. Harvard ilikwenda mahakamani, na mwezi Mei serikali ikajibu kwa kujaribu kukiondolea chuo hicho idhini ya kupokea wanafunzi wa kigeni, ambao ni zaidi ya robo ya wanafunzi wake wote. Jaji aliizuia amri hiyo kesho yake. Wanafunzi ambao hawakuwahi hata kushika bango walijikuta rehani katika ugomvi wa wakubwa.

Tusidhani haya ni ya Marekani peke yake

Mpenzi msomaji, ingekuwa rahisi kumalizia hapa kwa kuisuta Marekani. Lakini mwezi Mei mwaka 2025, miezi miwili baada ya kisa cha Somerville, wanasheria na wanaharakati wa Kenya waliokwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu walizuiliwa uwanja wa ndege na kurudishwa kwao. Rais Samia Suluhu Hassan alisema hadharani kwamba wanaharakati wa nje wasipewe nafasi ya kuja kuvuruga mambo ya ndani ya Tanzania.

Mmoja wa waliorudishwa alikuwa Willy Mutunga, Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya. Mutunga alisomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika zama zile zile za USARF na Akivaga. Baadaye, akiwa mhadhiri Nairobi na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa chuo, aliwekwa kizuizini na serikali ya Daniel arap Moi mwaka 1982. Kwa kusema akiwa raia, alifungwa nyumbani. Kwa kutaka tu kusikiliza kesi akiwa mgeni, alifungiwa mlango wa nchi iliyomsomesha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inajivunia kwamba mwanafunzi wa Bukavu anaweza kusoma Kampala, na wa Kigoma akasoma Nairobi. Hilo ni jambo jema. Lakini je, vyuo vyetu viko tayari kwa siku ambayo mwanafunzi huyo atachaguliwa na wenzake kuwaongoza, kisha akaandika barua kama ya Akivaga? Wakuu wa vyuo vyetu wataandika tamko kama la Tufts, au wataita FFU?

Walioko ughaibuni leo wanapaswa kuijua sheria ya nchi waliyopo, kuwa na namba ya simu ya wakili kabla ya kuihitaji, na kuamua wenyewe, kwa macho yaliyofunguka, ni lipi wako tayari kulisema na kwa gharama gani. Hakuna wa kumlaumu anayenyamaza ili amalize masomo. Lawama ni ya anayemlazimisha kuchagua. Na wenyeji wanaosoma nao wasijione wamekaa pembeni. Mgeni huanza kunyamazishwa kwa sababu ndiye rahisi kunyamazishwa, na mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Chuo kinachowapokea vijana kutoka pande zote za dunia kimeahidi kuwasikiliza. Kama hakiwezi kuwalinda wanaposema, basi kiwaambie hivyo mapema, kabla hawajalipa ada.